BETRI ZA MWALIMU NA SOKO LA HUAQIANGBEI

Toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya maandalizi ya mtihani. Mnisamehe, mwezi huu naanza na deni langu, na deni hilo litatupeleka mbali kidogo, mpaka China.

Wazazi wa darasa langu wanalijua deni lenyewe. Familia 24 zilitoa shilingi 500 kila moja, ikawa shilingi 12,000, ili ninunue betri nne za taa za sola ambazo watoto wanasomea jioni. Taa zenyewe nzima, paneli inapokea jua vizuri, ila betri zilikuwa zimechoka. Nikapata ruhusa ya kutoka, nikaenda Kasulu mjini. Kwa muuzaji mmoja nikakuta betri zinang'aa, rangi ya zambarau, zimeandikwa 9900mAh. Za zamani ziliandikwa 2000 tu. Nikapiga hesabu kichwani: karibu mara tano! Taa iliyokuwa inawaka saa nne sasa itawaka saa ishirini. Nikalipa 3,000 kwa kila moja, nikarudi na furaha kama mtu aliyeokota pesa.

Usiku wa kwanza taa ziliwaka saa moja. Tulikuwa katikati ya hesabu za sehemu, taa ya kwanza ikafifia, ya pili ikafuata, darasa zima giza. Watoto walicheka sana. Mimi sikucheka, sababu nilijua kesho yake nitakutana na mama zao kwenye bomba la maji.

Katika kartie yetu kuna mzee mmoja, wote tunamwita Papa, aliyekuwa akifanya biashara ya simu na spea kati ya Bukavu na China kabla ya kukimbia. Nilimpelekea zile betri. Hakuuliza bei. Aliuliza hivi:

"Mwalimu, ulinunua betri ao ulinunua maandiko?"

Akanichukua mpaka kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa mizani ya sahani mbili. Sahani moja akaweka betri nne za zamani, nyingine akaweka nne zangu mpya. Za zamani zikashuka chini, mpya zikabaki juu zinaning'inia. Mama wa dagaa mwenyewe akasema, "Hizo tupu."

Betri za aina hii, za duara, zinaitwa 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Ikiwa nzima ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa sababu ndani imejaa. Na kwa ukubwa huo, hata zile bora kabisa duniani zinaishia kati ya 3,500 na 4,000. Kuandika 9,900 ni kama kuchukua ndoo ya lita 20 ukaiandika lita 50. Rangi unaweza kuongeza, maji hayaongezeki. Shule nimesoma, fizikia nimesoma, lakini hili hakuna aliyenifundisha. Basi nikakaa kwa Papa jioni tatu anieleze watu wanaojua kununua vitu hivi wananunuaje. Mengine nimesoma mwenyewe na kuangalia video kwenye simu, ili nisiwaletee hadithi tu.

MTAA WA VITU VYA NDANI

Wakongomani wengi waliokwenda China kwa biashara wanaijua Guangzhou, hasa mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wako wengi, na huko unasikia Lingala na Kiswahili barabarani. Pale watu wananunua kitu kilichokamilika: simu, nguo, pikipiki. Ukitaka vya ndani, yaani vile vidogo vidogo ambavyo vikiunganishwa ndiyo vinakuwa simu au redio, unapanda treni kwenda Shenzhen, zaidi ya kilomita 100, jirani kabisa na Hong Kong.

Shenzhen ilikuwa sehemu ya wavuvi na wakulima mpakani. Mwaka 1980 serikali ya China ikaifanya eneo maalum la uchumi, viwanda vya nje vikaruhusiwa, watu wakamiminika kutoka mikoa yote. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta zaidi ya milioni 17. Katikati ya mji huo kuna mtaa unaitwa Huaqiangbei. Zamani palikuwa na viwanda vya vifaa vya umeme. Mwaka 1988 kampuni ya SEG ikafungua soko la vipande vya elektroniki, wauzaji wakaanza kukodi kaunta ndogo, na viwanda vyenyewe kidogo kidogo vikahamia nje ya mji, soko likabaki. Mwaka 2000 likasimama jengo la SEG lenye ghorofa zaidi ya 70, soko likiwa ghorofa za chini. Ndilo lile jengo ambalo Mei 2021 lilianza kutikisika bila tetemeko la ardhi, watu wakatoka mbio. Walikuja kukuta ni upepo ukigonga milingoti iliyo juu ya paa. Wakaing'oa, Septemba mwaka ule ule jengo likafunguliwa tena. Papa alipoziona picha alishika kichwa, maana alishawahi kupanda na kushuka humo siku nzima.

Anasema cha kwanza kinachokushangaza ni udogo wa vizimba. Kaunta ya kioo, upana wa mikono miwili ikinyooshwa, nyuma yake amekaa mtu mmoja au mume na mke, wanakunywa chai, mtoto wao anafanya kazi ya shule juu ya maboksi. Kwenye kioo hicho hauzwi ugali na maharage pamoja. Mmoja anauza swichi tu, swichi aina mia tatu. Jirani yake anauza waya tu. Mwingine balbu za LED tu, mwingine feni ndogo za kompyuta tu. Ghorofa ya chini rezista, kapasita na chipu, ukipanda unakuta vipimo, pasi za kulehemu, kamera, kompyuta. Majengo mengine ya mtaa huo huo ni ya simu: kuna mwenye vioo peke yake, mwenye makava peke yake, mwenye skrubu peke yake. Skrubu tu! Mtu analisha familia kwa skrubu za simu.

Rezista za kisasa ni ndogo kama punje ya ulezi. Aina moja inayotumika sana ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Haziwekwi kwenye mfuko, zinapangwa moja moja kwenye utepe wa karatasi, utepe unazungushwa kwenye gurudumu la plastiki, na gurudumu moja lina vipande 5,000. Basi ukifika pale unakuta kuta za magurudumu.

Papa hakujua Kichina. Alikuwa anabeba kipande kilichoharibika mfukoni, anakiweka juu ya kioo, anaonyesha kidole. Muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, Papa anafuta, anaandika yake, muuzaji anacheka au anakasirika, wanaendelea hivyo mpaka wanapatana. Kumbe hata wataalamu wanafanya vile vile. Mmarekani mmoja, Andrew Huang, fundi mkubwa anayejulikana kwa jina la bunnie, mwaka 2016 alitoa kitabu kizima kwa ajili ya wageni wa soko hilo. Kurasa zake zimeandikwa Kiingereza na Kichina, wewe unaonyesha tu kwa kidole: nataka hiki, cha volti hizi, rangi hii, vingapi, ni kipya au kimetumika.

Na kizimba siyo duka kama la kwetu. Kizimba ni dirisha. Bidhaa yote iko stoo au kiwandani nje ya mji, pale kuna sampuli. Ukitaka vipande kumi, wengine watakupa kwa kunung'unika, wengine watakupa bure wakijua utarudi kwa elfu kumi. Ukitaka elfu kumi, anapiga simu, jioni maboksi yanafika kwa pikipiki ya umeme yamefungwa gundi ya karatasi kila upande. Sauti ya soko lile, Papa anasema, ni ile gundi inavyovutwa: krrraa, krrraa, kutwa nzima.

KUTENGENEZA CHA KWANZA

Hapa ndipo vijana wanaopenda ufundi wafungue masikio.

Tuseme una wazo la taa. Huanzi na taa elfu moja. Unaanza na moja, ya kujaribu, mbaya mbaya, waya zinaning'inia. Ukiona inawaka, unachora saketi kwenye kompyuta, unatuma mchoro kwa kiwanda cha bodi. Shenzhen kuna viwanda ambavyo vinakubali oda ya bodi tano tu, kwa dola chache, na siku mbili tatu zimekwisha kutengenezwa. (Kuzituma huku Afrika ndiyo ghali, posta inazidi bei ya bodi zenyewe.) Wakati bodi zinatengenezwa unashuka sokoni kutafuta vipande. Bodi zikija unalehemu, unawasha, na mara nyingi haiwaki. Umegeuza diodi. Au kapasita ni ndogo. Au tundu la chaji ulilonunua ni nene kuliko nafasi uliyoacha kwenye mchoro.

Sasa angalia. Mtu wa Ulaya au Amerika akigundua kosa hilo, anaagiza kipande kingine, anangoja wiki. Mtu aliye jirani na Huaqiangbei anashuka ngazi, anabadilisha, saa ya chakula cha mchana amesharudi mezani. Wengi wanadhani watu wanakwenda Shenzhen kwa sababu ya bei ndogo. Bei ndogo ipo, ila faida kubwa ni kwamba ukikosea unapoteza mchana mmoja tu. Kwa hiyo mtu anakosea mara kumi kwa mwezi, ya kumi na moja inawaka.

Mfano unaojulikana ni wa Scotty Allen, Mmarekani mwandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 2017 alijitengenezea iPhone 6s kutoka kwenye vipande alivyonunua vizimbani Huaqiangbei. Kava la nyuma kizimba kimoja, betri kingine, kamera kingine. Kioo alikipata vipande vipande, akampelekea fundi mwenye mashine akamuunganishia. Bodi kuu alijaribu kuifikiria kipande kwa kipande, akaona ni kazi kubwa mno, akanunua iliyo tayari. Simu yenyewe alihesabu kama dola 300, lakini pesa yote iliyotoka, pamoja na vifaa na vipande alivyovinunua vibaya, ilipita dola 1,000. Yaani hata yeye, tena akiwa palepale, alinunua vitu vibaya. Nilipokuta habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo.

Na msifikiri ni habari za wazungu tu. Wazazi wanakumbuka zile simu za Kichina za miaka ya 2000 mwishoni: laini mbili, tochi, spika inasikika kartie nzima, nyingine zina antena ya televisheni. Zilitoka kwa watengenezaji wadogo wa Shenzhen. Kampuni ya Taiwan, MediaTek, ilikuwa inauza chipu pamoja na programu na mchoro karibu umekwisha, basi hata watu kumi walio na chumba kimoja waliweza kutoa simu yao. Mwaka 2007 China ikafuta sharti la leseni ya kutengeneza simu, wakazidi kuwa wengi. Waliitwa shanzhai, maana yake ngome ya mlimani, kama kusema watu waliojificha na sheria. Waliiga majina ya watu, hiyo ni kweli na ni kosa. Lakini walisikiliza kuliko kampuni kubwa. Mteja akisema kwetu umeme hakuna, wanaweka betri kubwa. Akisema nina laini mbili, wanaweka matundu mawili, miezi michache simu iko sokoni. Hata Tecno na itel ambazo nusu ya kambi tunazo mfukoni ni za kampuni moja yenye makao yake Shenzhen.

Siku hizi soko limebadilika. Mwaka 2013 barabara ilifungwa kwa ujenzi wa treni ya chini ya ardhi, ikafunguliwa Januari 2017 kwa watembea kwa miguu. Wauzaji wengi wamehamia kwenye intaneti, na jengo moja lililokuwa na sifa ya simu za bandia limegeuka la vipodozi, poda na rangi za midomo. Vipande vya elektroniki bado vipo.

SAMPULI NZURI, MZIGO MBAYA

Nikamuuliza Papa, sasa wewe hukuwahi kudanganywa? Akanyamaza. Mama wa nyumbani kwake ndiye aliyesema kutoka jikoni: "Mwambie habari ya zile kadi."

Alinunua kadi za kumbukumbu 300, zimeandikwa GB 32. Hakuwa mjinga. Alichukua moja kutoka kwenye boksi la kaunta, akaijaza nyimbo mpaka mwisho, ikapokea zote. Akalipa. Mzigo ulipofika Bukavu, wateja wakaanza kurudi. Kadi inaonyesha GB 32 kwenye simu, lakini ukipita GB 4 picha zinapotea, za harusi, za mazishi, zote. Sampuli ilikuwa nzuri, mzigo ulikuwa kitu kingine. Alirudisha pesa za watu miezi minane, na mtaji ukaanguka hapo.

"Kosa yangu," anasema, "nilipima ile alinipatia yeye. Ningechagua mwenyewe, katikati ya mzigo, kumi, kisha nipime zote kumi."

Hivyo ndivyo wanunuzi wazoefu wanavyofanya. Kwenye soko lile kuna kipya cha kiwanda, kuna kilichobaki kiwandani baada ya oda kwisha, kuna kilichotolewa kwenye mashine ya zamani kikasafishwa, na kuna cha uongo kabisa. Vyote vinaweza kukaa kwenye kaunta moja na vyote vina mteja wake. Fundi anayetengeneza simu ya miaka kumi iliyopita anakitaka kile kilichotumika, maana kipya hakitengenezwi tena. Ubaya unaanza pale kilichotumika kinapofutwa maandishi, kinaandikwa upya na kuuzwa kama kipya. Kwa chipu, wanaojua wanatazama uso wake kwa kioo cha kukuzia: kama una mikwaruzo ya msasa, au miguu yake ina mabaki ya risasi ya kulehemu, hicho kimeshaishi maisha mengine.

Vingi vya namna hiyo vilitoka mji wa Guiyu, katika jimbo lile lile la Guangdong. Kwa miaka mingi taka za kompyuta za dunia zilimiminwa pale. Watu walikuwa wanapasha bodi juu ya moto wa makaa mpaka risasi iyeyuke, wanang'oa chipu, na waya wanachoma wapate shaba. Watoto wa Guiyu walipopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kupita kiasi. Karakana zile zilihamishiwa kwenye eneo moja la viwanda kufikia mwaka 2015, na toka Januari 2021 China imefunga kabisa kuingiza taka ngumu za nje. Naandika haya kwa sababu nimewaona watoto wetu nyuma ya soko wakichoma waya wapate shaba ya kuuza. Mzazi, ukiuona moshi ule mweusi, mwite mtoto nyumbani. Usimpige, mwambie tu habari ya Guiyu.

Kitu kimoja bado. Papa alifungua simu mbovu, akanionyesha kwenye bodi kiboksi cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari upande mmoja. Ni kapasita ya tantali. Tantali inatoka kwenye koltani, na koltani nyingi ya dunia inachimbwa kwetu Kivu, Rubaya na kwingine. Inachimbwa kwa chepeo, inatoka nchini kwenye magunia, inapita viwandani, inageuka unga, inakuwa kiboksi kile, inawekwa kwenye gurudumu, inauzwa Huaqiangbei, inarudi kambini ndani ya simu. Juu yake hakuna maandishi ya ilikotoka. Papa alikishika kwenye ncha ya kisu muda mrefu. Mimi nami nilikaa kimya, na wengi mnaosoma mnajua kwa nini.

Ila kwa mafundi kuna jambo la kukumbuka hapo: kwenye kiboksi hicho cha tantali mstari unaonyesha upande wa chanya. Kwenye kapasita ya kopo, ile ya duara, mstari ni upande wa hasi. Ukichanganya, tantali inawaka moto. Fundi mmoja wa hapa ameshaunguza nyusi.

MEZA YA JUMAMOSI

Sasa turudi kwenye deni. Sisi hatuna ngazi ya kushuka tukabadilishe kipande. Mimi nikikosea, kosa langu linaanzia kwenye ruhusa ya kutoka, nauli, na michango ya familia 24. Kwa hiyo hatuwezi kukosea mara kumi. Inabidi kupima kabla ya kulipa.

Tumekubaliana mimi, Papa na mafundi simu wawili tufanye hivi. Kila Jumamosi saa nane mchana tunaweka meza nyuma ya darasa la sita. Tuna mita moja, pasi mbili za kulehemu na mizani ya mama wa dagaa, ametuazima. Mtu yeyote akitaka kununua betri au spea, alete kwanza kile cha zamani tusome maandishi yake. Hili ni muhimu sana kwa taa za sola. Betri nyingine ni za volti 3.7, chaja yake inajaza mpaka 4.2. Nyingine ni za 3.2, na chaja yake inakoma kama 3.6. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa ya 3.7, inajazwa kupita kiasi na kuharibika. Ukifanya kinyume, haijai, utasema betri mbovu kumbe wewe ndiye umekosea.

Halafu tunapima kwa saa ya ukutani. Taa yetu ikiwa kwenye mwanga mkubwa inakula milliampea 500. Betri ya 2,000 ikijaa, gawanya kwa 500, iwake saa nne. Zile za zambarau ziliwaka saa moja, basi zilikuwa na 500 tu, siyo 9,900. Watoto wa darasa la sita sasa wanaifanya hesabu hiyo kichwani, na wanaifanya mbele yangu kwa makusudi.

Muuzaji akikataa usipime, akikataa hata kuweka kwenye mizani, usibishane naye, ondoka. Wauzaji wazuri wapo na hawaogopi mizani. Na tukiwa watu kumi wenye shida moja, tununue pamoja. Tunamwomba mtu mmoja anayeleta mizigo kutoka Kariakoo atuletee mbili kwanza. Tukizipima zikawa sawa, ndipo tunatoa pesa ya nane. Hata hizo nane tutachagua sisi, siyo yeye. Papa anasimamia hilo, na kwa hilo hana utani.

Tunaomba pia familia zilete simu zilizokufa, redio, taa, chaja zilizoungua, hata kompyuta ya mkononi iliyovunjika. Msitupe shimoni. Kwenye simu kumi mbovu kuna spika sita nzima, matundu ya chaji, vitetemeshi, skrubu. Betri ya kompyuta moja tuliyopewa na mama wa kartie ya pili ilikuwa na 18650 sita ndani. Fundi alizifungua taratibu, tukazipima: nne zimekufa, mbili ziliwasha taa saa tatu na nusu. Kazi hiyo ya kufungua betri ni ya fundi, siyo ya mtoto, na siyo ya baba anayetaka kujaribu nyumbani kwa kisu cha jikoni. Ikitobolewa inawaka moto. Betri iliyovimba kama mkate usiilete darasani wala usiiweke karibu na kitanda. Iache nje kwenye kopo la mchanga, utuambie, tutakuja kuichukua.

Kwa hiyo taa mbili kati ya nne zinawaka. Watoto wanasoma kwa zamu, wavulana na wasichana wamechanganyika, mzazi mmoja anakaa nao kila jioni. Mbili zilizobaki nitazinunulia betri kutoka kwenye posho yangu ya mwezi huu na ujao, zitakazoletwa kwa njia niliyoieleza. Mtihani ni baada ya wiki tisa.

Wazazi wanaotaka kuona hesabu ya zile 12,000, daftari liko kwangu, na betri za zambarau ziko kwenye kopo juu ya kabati la darasa. Mnaweza kuja kuzipima wenyewe.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la sita